Mchezo Wenye Ujira, na Swali la Nani Anayelipa

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyegawa riziki kwa hekima yake, akaifanya kazi ya halali kuwa ibada. Twamshukuru kwa neema zake, twamwomba msaada wake, na twataka kinga kwake kutokana na shari za nafsi zetu na ubaya wa vitendo vyetu. Twashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na twashuhudia kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote waufuatao mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu mlio mbele yetu, nanyi mnaotusikiliza majumbani mwenu, twaziusia nafsi zetu kwanza, kisha twakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, na hasa katika jambo la mali. Kwani mtu aweza kusali na kufunga, kisha chumo lake likamharibia yote aliyoyajenga.

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wazee wengi miongoni mwetu hawajalisikia, na vijana wengi wanalijua kuliko sisi. Nalo ni ile michezo ya simu na kompyuta ambayo mchezaji huahidiwa malipo kwa kucheza kwake. Mtu hununua vitu visivyoshikika kwa mkono, akavitumia mchezoni, akapewa tuzo ya sarafu za kidijitali, kisha sarafu hizo akaziuza kwa fedha za kawaida. Wako wanaoiita kazi, na wako wanaoiita kamari.

Jambo hili hatukulichagua wenyewe. Lililetwa kwetu siku moja baada ya sala ya Alasiri na baba mmoja wa mtaani petu, naye amemshika mkono mwanawe, kijana mwanafunzi wa chuo. Baba akasema, "Sheikhe, mwambie huyu kwamba hii ni kamari, aache." Kijana akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Sheikhe, nakuomba uangalie kwanza. Hapa hapana bahati nasibu. Mtu hushinda kwa akili yake."

Baba alitaka neno moja kutoka kwetu, na mwana alitaka neno jingine. Twakiri mbele yenu kwamba neno la kukataza lilikuwa limekwisha fika ulimini mwetu. Lakini tukakumbuka kwamba wanavyuoni wa fikihi wametufundisha kukijua kitu kwanza ndipo kukitolea hukumu, na kwamba Mwenyezi Mungu ametukataza kuandama jambo tusilo na elimu nalo. Basi tukamwambia baba atupe siku saba, na tukamwambia kijana aje barazani petu kila usiku baada ya sala ya Isha, atufundishe mchezo wake kama afundishwavyo mtoto mgeni wa chuoni.

Usiku wa kwanza ulikwisha mlangoni. Mchezo wenyewe kuupakua ni bure, lakini kuingia mahali penye malipo si bure. Kwanza mtu hufungua kile wanachokiita pochi, nayo si pochi ya ngozi bali ni hesabu yenye funguo za siri. Hupewa maneno 12, akaambiwa ayaandike kwenye karatasi na asimwonyeshe mtu yeyote. Akiyapoteza maneno hayo, mali yake imepotea. Na akiyajua mtu mwingine, mali hiyo ni ya huyo mwingine, wala hapana afisi ya kwenda kushitaki. Kijana alituambia kwamba rafiki yake mmoja alidanganywa na mtu aliyejifanya mtoa msaada, akamwandikia maneno yake yote. Ilipofika asubuhi hapakuwa na kitu.

Tukamwuliza, "Mwanangu, mali hii iko wapi hasa?" Akatueleza kwamba imeandikwa katika blokucheni. Na blokucheni, enyi ndugu, ni daftari la hesabu ambalo nakala zake zimewekwa katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Kila mauzo yakifanyika huandikwa katika nakala zote, na kurasa zimefungamana hata si rahisi mtu kurudi nyuma akafuta mstari. Tulistaajabu kwa ustadi wake, wala hatuoni aibu kusema hivyo. Kuandika mauzo na madeni kwa uaminifu ni jambo ambalo dini yetu imelihimiza. Lakini daftari hueleza tu kwamba fulani amemuuzia fulani. Halielezi kama kilichouzwa kina thamani, wala kama muuzaji amesema kweli.

Usiku wa pili, wa tatu na wa nne tulicheza. Kijana alikuwa na wanyama wake watatu wa picha, alionunua miezi kadhaa nyuma. Kila mnyama ana nguvu zake na udhaifu wake, na mchezaji huwapanga wapigane na wanyama wa mtu mwingine aliye mbali asiyemjua. Sisi tulishindwa mara nyingi, naye alituvumilia na kutusahihisha bila ya kutucheka. Tukaona kwamba alisema kweli: mchezo wahitaji kuhesabu, kukumbuka na kusubiri, na asiyetumia akili hashindi.

Lakini tuliona na jingine, nalo twalisema ili litufae sisi na nyinyi. Usiku wa nne, baada ya Isha, tulijikuta twazikimbiza nyiradi zetu ili twende barazani. Tulikuwa tumeshindwa mara mbili usiku uliotangulia, na nafsi ilitaka kulipiza. Ikiwa mtu mzima mwenye mvi, asiyetia hata senti moja yake, aliweza kuvutwa hivyo kwa siku nne, basi msishangae mkiona taa ya kijana yawaka saa tisa za usiku, wala msifikiri kwamba kumpigia kelele kutatosha.

Usiku wa saba tulikaa kuhesabu. Sarafu zote alizozipata katika siku saba tukazipima kwa bei ya siku ile, na thamani yake haikutosha kununua kilo moja ya sukari. Wala hakuweza kuzitoa, kwa sababu zilikuwa hazijafikia kiasi kinachoruhusiwa kutolewa, na ada ya kuzitoa ilikuwa kubwa kuliko zenyewe.

Hapo ndipo tulipomwuliza swali lililo kiini cha khutba yetu ya leo. Tulimwambia, "Mwanangu, sarafu hizi ukiziuza, nani anayezinunua?"

Akajibu, "Wanaotaka kuzalisha wanyama wapya, Sheikhe. Hawawezi kuzalisha bila ya sarafu hizi."

"Nao wawazalisha kwa nini?"

"Wawauze."

"Wamwuzie nani?"

"Wanaoingia."

"Na hao wanaoingia wanawanunua kwa nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ili wapate sarafu."

Enyi Waislamu, hatukumwongezea neno. Alikuwa amekwisha lizunguka duara lote kwa ulimi wake mwenyewe. Ujira wake ulitoka katika kiingilio cha mgeni, na mgeni naye aliingia kwa tamaa ya kupata ujira. Siku wageni wakipungua, ujira nao hupungua. Na siku wasipokuja, aliyeingia mwisho hubaki na picha za wanyama ambazo hapana azitakaye.

Lakini haifai kuhukumu kwa habari ya kijana mmoja. Kwa hiyo tulitazama mchezo uliokuwa mashuhuri kuliko yote ya namna hii, uitwao Axie Infinity, uliotengenezwa na kampuni ya Sky Mavis ya nchini Vietnam na kuanzishwa mwaka 2018. Habari zake zajulikana na wote, nazo zatosha kuwa somo.

Katika mchezo huo, aliyetaka kuingia ilimlazimu awe na wanyama watatu. Tuzo yake ilikuwa sarafu iitwayo SLP, na sarafu hiyo ilitumika katika kuzalisha wanyama wapya. Mwaka 2020 na 2021, maradhi ya korona yalipofunga kazi na masoko, watu wengi wa Ufilipino waliingia humo. Walikuwamo waendesha pikipiki, akina mama wa nyumbani, na wazee wenye maduka madogo, na mji wa Cabanatuan ulipata sifa kwa wachezaji wake. Twapenda kuwa waadilifu: watu hao walilipwa kweli. Wako walionunua chakula na dawa kwa fedha hizo katika wakati mgumu, na asiyewahi kulala na njaa asiwacheke.

Mwaka 2021 bei za wanyama zilipanda hata kuwapata watatu kukahitaji mamia ya dola za Marekani, fedha ambazo maskini hana. Basi wenye mali wakawaazima wanyama wao wasio na mali. Hawa wakacheza, na tuzo ikagawanywa baina yao. Katika Julai 2021 SLP moja ilivuka bei ya senti 30 za Marekani. Mwishoni mwa mwaka huo wachezaji wa kila siku walizidi milioni mbili.

Kisha tazameni yaliyofuata. Kila mchezaji aliyecheza alitoa sarafu mpya, na sarafu hizo hazikuwekewa kikomo. Wenye kuzitaka walikuwa ni wazalishaji, na wazalishaji waliwategemea wageni. Wageni walipopungua, sarafu zikajaa kama embe za msimu zisizo na mnunuzi. Mwanzoni mwa mwaka 2022 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu na senti moja, na katikati ya mwaka ikawa chini ya hapo. Mwezi wa Februari 2022 kampuni yenyewe iliondoa baadhi ya njia za kupata tuzo, ili kupunguza wingi wa sarafu. Yule aliyeiita kazi akaona ujira wake umepunguzwa, wala hakuwa na mkataba wa kushika wala hakimu wa kumwendea.

Na juu ya hayo ikaja ajali nyingine. Tarehe 23 Machi 2022 wezi waliingia katika daraja la kupitishia mali za mchezo huo. Mapato yalihitaji idhini ya funguo tano katika tisa, nao walizipata hizo tano. Wakachukua sarafu za Ether 173,600, na sarafu nyingine za thamani ya dola milioni 25 na nusu. Zote pamoja zilizidi dola milioni 600. Wizi huo haukutambuliwa ila baada ya siku sita. Mwezi uliofuata, Aprili, idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitangaza kwamba waliofanya hayo ni kundi la wezi wa Korea ya Kaskazini. Na uadilifu watulazimisha kusema kwamba kampuni ilitafuta fedha, na daraja hilo likafunguliwa tena mwezi wa Juni 2022, watu wakarudishiwa amana zao. Lakini bei iliyoanguka haikurudishwa na mtu, kwa sababu haikuibiwa na mtu. Ilikuwa imesimama juu ya matumaini ya wageni, na matumaini hayo yaliondoka.

Enyi ndugu, sasa twarudi barazani petu, kwani bado hatujakuambieni jambo zito.

Fedha aliyonunulia kijana wetu wanyama watatu ilikuwa ada yake ya chuo ya muhula mmoja. Na ada hiyo aliipata kwa mama yake, na mama aliipata katika mchezo. Mwajua mchezo tuusemao: ni ule upatu wa akina mama zetu, wauitao mchezo hali ya kuwa si mchezo. Wanawake kumi hukubaliana, kila mwezi kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na mmoja wao hupokea chungu chote; mwezi wa pili hupokea mwingine, mpaka wote kumi wamalize. Mama huyu alingoja zamu yake miezi minane.

Tulimwambia kijana aipime michezo hii miwili. Katika mchezo wa mama yake, kila mmoja anamjua mwenzake, nyumba yake na wanawe. Hapana asemaye kwamba chungu kitazaa. Kilichotiwa ndicho kinachotoka, na anayepokea mwisho hupokea sawa na aliyepokea mwanzo. Faida yake ni kusaidiana tu, kwamba mtu apate fungu la fedha kwa pamoja. Ama katika mchezo wake yeye, hapana amjuaye mwenzake, na wote huahidiwa kutoa zaidi ya walichotia. Basi hiyo ziada itoke wapi, ikiwa ndani ya duara hapashonwi nguo, hapavuliwi samaki, wala hapalimwi muhogo? Itatoka kwa yule ambaye bado hajaingia.

Kijana akalia. Kisha akatuambia lililomleta hasa. Wanyama wake walikuwa wameshuka bei, lakini alikuwa na mwanafunzi mwenzake, mdogo kwake, aliyevutiwa na mchezo na aliyekubali kuwanunua kwa bei ya zamani. Akauliza, "Sheikhe, nikimwuzia nitapata ada yangu, na mama hatajua kitu. Je, yafaa?"

Enyi Waislamu, hapo ndipo jambo lilipokuwa. Baba aliuliza juu ya kamari, na mwana aliuliza juu ya akili, na swali lenyewe lilikuwa ni hili: je, yafaa kuutua mzigo wangu juu ya kichwa cha ndugu yangu asiyeuona?

Tukamjibu kwamba Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha aibu ya bidhaa, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Tukamwambia, "Nenda ukamwonyeshe mwenzako hesabu ya siku zetu saba. Mweleze duara kama ulivyotueleza sisi. Ikiwa baada ya hayo bado ataka kununua kwa bei hiyo, rudi tuzungumze."

Alikwenda, naye mwenzake hakununua. Ada haikurudi. Usiku ule ule alikwenda kwa mama yake akamwambia yote. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba amemsamehe uongo, ama deni halikusamehewa, kwa sababu haki ya wenzake wa upatu bado anawalipa kila mwezi. Kijana aliukosa muhula ule wa masomo. Leo anafanya kazi ya mikono asubuhi katika karakana ya mtu, na kila mwisho wa mwezi humpa mama yake sehemu ya ujira wake. Ametupa idhini kuyasimulia haya bila ya jina lake.

Twasema maneno yetu haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Twamsifu Mwenyezi Mungu kwa wema wake, na twamshukuru kwa taufiki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu, aliyejulikana kwa uaminifu wake katika biashara kabla ya kupewa utume.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Huenda mtu akauliza, basi hukumu ni ipi? Yatupasa kusema kwa hadhari. Juu ya sarafu za kidijitali wanavyuoni wa zama zetu wamehitilafiana. Mwaka 2018 Mufti wa Misri alitoa fatwa ya kuikataza sarafu ya Bitcoin. Mwezi wa Novemba 2021 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza kuzitumia sarafu hizo kama fedha, kwa sababu ya gharari na madhara yaliyomo, na likaweka masharti kwa ajili ya kuziuza kama bidhaa. Na wako wengine walioziruhusu kwa masharti yao. Basi asije mtu akasema kwamba tumeharamisha kompyuta, au kwamba tumeharamisha kila mchezo.

Lakini yako mambo ambayo hayana hitilafu. Mwenyezi Mungu ametukataza kuliana mali zetu kwa njia ya batili, na akaturuhusu biashara ya maridhiano. Na ridhaa ya mtu asiyejua anachokinunua si ridhaa kamili. Mtume (S.A.W.) amekataza mauzo yenye gharari, yaani yale ambayo mwisho wake umefichika, na mafakihi wakatoa mfano wa kumwuza samaki angali majini na ndege angali hewani. Amekataza vile vile kupandisha bei kwa hila ili mwingine adanganyike. Na kamari imekatazwa, iwe imevaa kanzu ya karata au kanzu ya akili; kwani akili ya mchezaji, hata ikiwa nyingi, haibadilishi alikotoka ulaji.

Kwa hiyo twakuusieni, nyinyi vijana na wanafunzi, kabla ya kutia mali yenu katika mchezo wowote wa namna hii, jiulizeni maswali manne.

La kwanza: fedha nitakayolipwa yatoka kwa nani? Ikiwa yatoka kwa watu wanaoutumia mchezo kwa kupenda burudani yake, wakalipa kama walipavyo kiti cha tamthilia, hilo ni jambo moja. Ikiwa yatoka kwa wageni walioingia kwa kutaka kulipwa kama wewe, basi jua kwamba unakula katika sahani ya mtu ambaye hajakaa.

La pili: fedha nitakayotia ni ya nani? Ada si yako, ni amana. Kodi ya nyumba si yako. Zamu ya upatu ya mama si yako. Na mkopo si wako. Mtu akitaka kujifunza jambo kwa kiasi kidogo chake mwenyewe, ambacho kikipotea hakuna atakayelala na njaa, hilo halilingani na kutia uhai wa nyumba nzima.

La tatu: je, naweza kumweleza mnunuzi wangu kila ninachokijua, kisha akanunua? Biashara ambayo haiwezi kusimama mbele ya ukweli, iache ianguke.

La nne: muda wangu unakwenda wapi? Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake. Nasi tutasimamishwa Siku ya Kiyama tuulizwe juu ya umri tuliumaliza katika nini, na juu ya mali tuliichuma wapi na tuliitumia katika nini. Hapo hatutaweza kuonyesha picha za wanyama watatu.

Nanyi wazazi, twakuusieni pia. Baba wa kijana huyu alikuwa na haki ya kuhofu, lakini kwa miezi yote ile hakuwahi kukaa na mwanawe hata usiku mmoja akamwuliza afanyalo. Nasi pia, lau tungalitamka lile neno lililokuwa ulimini mwetu siku ya kwanza, kijana angaliondoka na kiburi chake, akamwuzia mwenzake, na leo kungekuwa na mama wawili wanaolia. Kaeni nao. Waulizeni kwa upole. Wengi wao hawakuingia kwa uvivu. Waliingia kwa sababu waliiona shida ya nyumbani wakataka kuipunguza, na kazi hawakuiona. Kijana anayetafuta riziki usiku kucha ana nguvu ya kuitafuta mchana, akionyeshwa njia.

Na wenye maduka, karakana, majahazi na mashamba, jueni kwamba nyinyi mna sehemu katika jambo hili. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mtu hali chakula bora kuliko kile kitokanacho na kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daudi (A.S.), naye ni mfalme, alikula kwa kazi ya mikono yake. Lakini vijana wataiona vipi kazi ya mikono, ikiwa hapana awapokeaye, na akiwapokea anawacheleweshea ujira? Tumeamrishwa kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Anayemnyima kijana ujira wake wa halali anamsukuma kwa mkono wake kwenye ujira wa ahadi. Aliye na nafasi ya mwanafunzi mmoja tu, wa kufagia karakana na kujifunza, naamjie imamu wa msikiti wake baada ya sala hii amweleze.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitajie haramu yako, na tutajirishe kwa fadhila yako tusimtegemee asiye Wewe. Ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu, uwape elimu yenye manufaa, na kazi yenye baraka, na ulimi wenye kusema kweli japokuwa kweli hiyo yawapa hasara. Ewe Mola wetu, walipie wenye madeni madeni yao, uzilinde amana za akina mama zetu, na uwaponye wagonjwa wetu. Utusamehe sisi, na wazazi wetu, na Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliotangulia. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, inukeni kwa ajili ya Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.